Kikumbusho cha Alhamisi

Saa mbili kamili asubuhi simu ya Asiya Sulaiti ilitetemeka kwenye dashibodi, na marehemu akamwita Oraba kama kawaida yake.

Taban Lomoro anakukumbusha. Kibanda cha chai, Oraba. Leo, saa nne.

Asiya hakuigusa.

Alikanyaga mafuta. RAV4 ya kijivu ikaipita Aroi kwa kasi, mashamba ya mihogo yakirudi nyuma pande zote mbili. Miaka miwili sasa, kila Alhamisi, saa ileile, ujumbe uleule kutoka kwa mtu yuleyule, na mtu mwenyewe yuko chini ya udongo wa Koboko. Wenzake idarani walimwambia aufute. Kila mara aliitikia, na kila mara Alhamisi nyingine ikamkuta bado anao. Angewaambia nini? Kwamba siku utakaponyamaza ndipo Taban atakuwa amekufa kweli? Ni aibu kuyasema hayo ukiwa jasusi mwenye bastola ya Glock kiunoni.

Kiti cha mbele, kando yake, kilikuwa kitupu. Tangu siku ile hakumruhusu mtu kukikalia. Usiku wa safari ndefu alikuwa akikisikia kikilia, vile kilivyolia Taban alipokuwa akijinyoosha, na alikuwa ameacha kujidanganya kwamba ni springi mbovu.

Abiria wa leo alikuwa nyuma. Natalina, mama wa makamo kutoka Sudan Kusini, zamani muuza chai wa Oraba, pale mpakani panapotazamana na Kaya. Taban alipigwa risasi mbele ya birika lake. Natalina aliwaona wauaji wawili, na alimjua aliyewatuma, maana naye alikuwa mteja wake. Tangu hapo Idara ilikuwa imemficha hospitali ya Kuluva kwa jina la mtu mwingine, akifua mashuka ya wagonjwa. Leo saa nne angesimama mbele ya hakimu wa Koboko na kumtaja mkubwa wao. Akimtaja, njia ya magendo ya bunduki ya Oraba imekatika. Wale watu nao walilijua hilo, na ndiyo sababu walikuwa wakimtafuta miaka miwili.

Redio ya Motorola ilikoroma. Ilikuwa Harriet, fundi wa mitambo, akiwa ofisini Arua.

"Madamu Asiya. Simama kando."

"Sisimami. Sema."

"Kuna mutu anasoma kalenda yetu. Sasa hivi. Anatumia ufunguo ya Taban."

Asiya alisimama kando.

Taban alikuwa jasusi wa aina yake, fundi wa programu aliyejifunza kulenga shabaha ukubwani. Yeye ndiye aliyeunda Foleni, tovuti ambayo madereva wa malori walichagulia siku na saa ya kukaguliwa Oraba. Hakuunda kalenda mpya. Alichukua zana za waundaji programu zilizojaa mtandaoni, akaichomeka ndani ya tovuti kalenda iliyokwisha kutengenezwa na wengine, mistari michache ya msimbo, kazi ya asubuhi moja. Dereva anabonyeza siku, ukaguzi unaandikwa, kikumbusho kinamfuata simuni. Na ndani ya kalenda ile aliificha nyingine isiyoonekana kwa madereva, yenye miadi ya Idara. Nani angewatafuta majasusi katikati ya foleni ya malori ya simenti?

Kinachofungua kalenda ya namna hiyo ni ufunguo wa API, mstari mrefu wa herufi na tarakimu ambao tovuti huuonyesha ili iruhusiwe kusoma na kuandika. Mahali pake ni kwenye seva, mafichoni, chini ya kufuli.

"Wameupata wapi?" Asiya aliuliza.

"Ndani ya ukurasa, Madamu. Iko wazi. Mutu akifungua msimbo ya ukurasa, anaona. Taban mwenyewe aliweka."

Asiya alikumbuka mara moja. Mtandao wa Oraba ulikuwa wa kusuasua, na ukurasa ukipitia seva ya Arua ulichukua dakika nzima kufunguka. Madereva wakalalamika. Taban, mtu asiyeweza kumwona dereva akiteseka juani, akafupisha njia: ukurasa uongee na kalenda moja kwa moja, ufunguo ukiwa umebebwa humohumo. Atarekebisha wiki ijayo, alisema. Wiki hiyo ilipofika alikuwa kaburini.

"Wanasoma tangu lini?"

"Tangu kabla ya kifo yake."

Kwa miaka miwili Asiya alikuwa akijilaumu kwa jambo jingine kabisa.

Mpakani kuna saa mbili tofauti. Kaya iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na minara ya simu haijui mpaka. Umekaa Oraba unakunywa chai, simu inadaka mtandao wa Kaya, na kalenda inaisogeza miadi yako yote nyuma bila kukuuliza. Ndiyo maana watu wa Koboko bado huvaa saa za mkononi, na mtu wa huko haandiki miadi bila kuongeza kwa mkono wake ni saa ya wapi. Saa nne ya Uganda. Saa tatu ya Kaya. Hata kwenye kadi ya harusi utayakuta. Asiya ni Mnubi wa Arua mjini, ambako saa ni moja tu, na Taban hakuchoka kumkumbusha. Andika saa ya wapi, dada.

Siku alipoandika miadi ya kibandani alikuwa na haraka. Hakuandika.

Simu ya Taban, iliyodaka Kaya, ikamwonyesha saa tatu. Saa yake ya Casio mkononi ilikuwa ya Uganda. Ilipofika saa tatu akawa kibandani, akasubiri peke yake. Asiya alifika saa nne kamili na kumkuta amefunikwa kitenge cha Natalina. Sasa alijua kwamba wauaji walikuwa na kalenda yote mikononi. Kama angeyaandika yale maneno, yeye na Taban wangefika pamoja saa nne, na kitenge kingetakiwa cha pili. Kosa lake ndilo lililomwacha hai. Habari hiyo haikumpa nafuu yoyote. Ilimuuma kuliko ile ya zamani.

"Na leo wanasoma nini?"

"Ya mama. Inasema: Natalina, kinu cha zamani cha kusaga, mbele ya mahakama, saa nne ya Uganda. Wanaomba kalenda kila dakika." Harriet alivuta pumzi. "Programu yao ikiomba kalenda inataja saa za mahali iko. Inasema Juba, ndiyo saa ya Kaya. Msomaji iko Kaya, Madamu. Lakini wale wa kazi lazima wako Koboko tayari. Na kitu ingine. Kwa ufunguo huu hawasomi tu. Wanaandika. Leo wamesogeza lori moja ya mbegu ya simsim, wameiweka wakati mkaguzi anakunywa chai."

Sauti nzito iliingia kati. Afande Dumo, mkuu wao.

"Asiya. Geuza gari. Harriet anafunga ufunguo sasa."

"Ukifungwa wanajua tumewaona, Afande. Watapotea, halafu watarudi. Mama atafua mashuka miaka mingine miwili."

"Na ukifika pale watamuua."

Hapo Natalina akaegemea mbele. Alikuwa amesikia yote, na hakuonekana kushtuka, alionekana kuchoka.

"Binti," alisema, "ule mukubwa yao iko mugeni. Hapana mutu ya mpaka. Anaagiza chai ya saa tatu, mimi napika ya saa tatu. Anakuja saa nne, chai iko baridi, anatukana mimi. Mimi nasema, mzee, uliza kwanza saa ya wapi. Hapana sikia. Yeye anaona simu yake tu. Miezi mingi, binti. Kila siku chai baridi."

Asiya aligeuka akamtazama. Kisha akaichukua simu kutoka dashibodini.

Aliifungua kalenda. Kwa mwenye simu ya Kaya, miadi ya Natalina ilikaa mbele yake kwenye mstari wa saa tatu. Kilichomsahihisha ni maandishi tu, yale maneno ya mkono: saa nne ya Uganda. Bila hayo mgeni angeona saa tatu, angedhani miadi imesogezwa, angepiga simu Koboko, angesema saa tatu. Na vijana wake walioko Koboko, wenye saa za Uganda, wangekimbilia kinu saa nzima kabla.

Mtu aliyekuja kuua kwa wakati wake anajificha. Aliyefika saa moja kabla anabaki kusimama, anakunywa soda, anaulizwa na wapita njia, anaonekana. Taban alionekana hivyohivyo.

Kidole chake kilikaa juu ya maneno na hakikushuka. Lilikuwa kosa lilelile, mahali palepale, safari hii kwa makusudi. Kiti kitupu kikalia. Andika saa ya wapi, dada. Alisikia wazi kabisa.

"Nisamehe," alisema kwa sauti, akikitazama kiti.

Akayafuta maneno manne. Hakugusa kingine chochote.

"Harriet. Acha ufunguo wazi mpaka niseme. Afande, nipe saa moja. Mama hatakaribia kinu."

Dumo aliuliza mama mwenyewe anasemaje.

"Mimi nachoka na shuka," alisema Natalina.

"Saa moja," Dumo alisema. "Si zaidi."

Dakika tatu baadaye Harriet akarudi hewani. Msomaji wa Kaya alikuwa ameacha kuomba kalenda. Alikuwa na shughuli nyingine. Huenda alikuwa kwenye simu.

Asiya alitia gia.

Koboko ilimpokea kwa vumbi na honi. Nje kidogo ya mji, nyuma ya godauni la tumbaku, Driciru, aliyekwisha kupigiwa simu na Dumo, alikuwa akingoja. Huyu alikuwa mpelelezi wa polisi, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alimchukua Natalina, akamwingiza ndani, akafunga mlango. Vijana wake sita walikuwa tayari wamezunguka kinu kwa nyuma, AK zikiwa ndani ya magunia ya mkaa.

"Wamefika?"

"Wawili. Pikipiki, Boxer. Tangu saa tatu kasoro tano wanasimama pale. Mmoja anasumbuka sana."

"Wana silaha?"

"Makoti. Na jua hili."

Asiya alivua koti lake la safari. Akajifunga gurbaba, vazi la bibi yake, akajitanda kichwani, akachukua kikapu cha kusukwa chenye kifuniko cha rangi, cha aina ambayo mama yeyote wa Kinubi angekibeba akienda kwenye karamu. Chini ya kifuniko hapakuwa na chakula. Palikuwa na Glock 19 yenye risasi kumi na tano.

Akapanda bodaboda mpaka kwenye kona. Akamalizia kwa miguu.

Waliegemea pikipiki mbele ya kinu, mmoja mrefu, mmoja mwenye shingo nene. Mama wa ndizi aliye karibu alikuwa amekwisha kuwauliza mara mbili kama wamepotea. Mrefu aliangalia barabara ya Arua, akaangalia mkono wake, akaangalia barabara tena.

Asiya naye akauangalia ule mkono.

Casio nyeusi. Mkanda uliokatika na kufungwa kwa waya mwekundu wa simu, mizunguko mitatu. Waya ule aliukata yeye mwenyewe ofisini, mwaka ule, Taban akimcheka kwamba amemharibia mitindo.

Barabara ilimzunguka. Kwa sekunde chache hakusikia honi wala mama wa ndizi, alisikia kiti kikilia tu. Alitaka kumpiga risasi pale pale, bila neno, na angeweza. Tamaa hiyo ilimtisha kuliko wao.

Akaendelea kutembea. Hatua kumi. Hatua tano.

"Kaka," alisema kwa upole, "saa ngapi?"

Mrefu alimtupia jicho, akaona kikapu na gurbaba, akamdharau. Aliangalia Casio.

"Saa tatu na dakika ishirini."

"Ya wapi?"

Ni swali ambalo kila mtu wa mpakani huuliza mara kumi kwa siku. Mrefu alifungua mdomo kujibu, kisha mdomo ukabaki wazi. Asiya aliona swali likimwingia. Aliona jinsi alivyorudi nyuma akilini, kwenye simu ya Kaya, kwenye sauti ya mgeni aliyesema saa tatu na hakusema ya wapi, na yeye, mtu wa hapahapa, hakuuliza, maana mkubwa haulizwi.

"Wewe," mrefu alinong'ona kwa mwenzake, "tulikuja mbele ya saa."

Shingo nene aliingiza mkono ndani ya koti.

Glock ililia mara moja.

Bega la shingo nene liligonga pikipiki, na bastola yake ikaanguka mtaroni. Magunia ya mkaa yakapasuka pande zote, vijana wa Driciru wakatokea, na mrefu akajikuta amelala kifudifudi vumbini akiwa na buti mgongoni. Mama wa ndizi alikuwa amejificha chini ya meza yake na ndizi zake zote.

Sekunde nane. Labda tisa.

Asiya aliinama. Akaufungua waya mwekundu, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Akaitumbukiza Casio kwenye mfuko wa ushahidi, akauandikia tarehe kwa mwandiko mzuri.

Simu ya mrefu ikalia vumbini. Namba ya Kaya. Asiya aliipokea.

"Mmemaliza?" Sauti ya mgeni, kavu, yenye Kiswahili cha vitabuni.

"Tumemaliza."

Mgeni alikuwa akisubiri sauti ya mwanaume.

"Lori lako la simsim limezuiwa Oraba," Asiya aliendelea. "Tulijua saa yake, uliiandika mwenyewe. Na mama wa chai anakusalimu. Anakwenda kwa hakimu sasa hivi."

Simu ikakatika.

Harriet alithibitisha dakika chache baadaye: lori limefunguliwa, chini ya simsim masanduku arobaini, mafuta ya bunduki bado mabichi. Dumo alisema neno moja tu, "Vizuri," na kwa Dumo hiyo ilikuwa hotuba.

Saa nne kasoro dakika tano Natalina alivuka barabara kwa miguu yake, kitenge kipya begani, Driciru kulia, Asiya kushoto. Kwenye ngazi za mahakama alisimama.

"Ule siku," alisema, "yeye alikaa kwa benchi yangu karibu saa nzima. Alikunywa chai mbili. Mimi nasema, bwana, rafiki yako anachelewa. Yeye anacheka. Anasema, hapana, dada yangu hachelewi. Mimi nakuja mbele ya saa, nimesoma vibaya. Acha nimungoje."

Natalina akamgeukia Asiya.

"Alijua, binti. Alijua iko kosa ya saa. Hakukasirika. Mimi nilitaka kusema wewe kitambo, lakini wewe hapana uliza kitu."

Natalina akaingia ndani. Kupitia dirisha lililo wazi Asiya alimsikia akiapa, kisha akimtaja mgeni kwa jina lake kamili, pole pole, mara mbili, ili karani asikosee. Mfukoni mwa Driciru, ndani ya mfuko wa ushahidi, Casio ikalia pii mara moja. Saa nne.

Asiya alisimama kwenye ngazi na machozi yakamtoka, mchana kweupe, mbele ya mahakama nzima ya Koboko. Hakuyapangusa.

Motorola ikakoroma.

"Madamu. Lazima nifunge ufunguo sasa. Lakini ile kikumbusho ya Alhamisi inatoka kwa programu Taban aliacha kwa seva. Inatumia ufunguo huuhuu. Nikifunga, haiji tena. Nifunge?"

"Nipe dakika moja."

Aliitoa simu yake. Ujumbe wa asubuhi bado ulikuwapo. Kibanda cha chai, Oraba. Aliufungua, akabonyeza pale pa kuhariri, mahali ambapo hakuwahi kubonyeza kwa miaka miwili. Kisanduku cha maelezo kilikuwa kitupu, vile alivyokiacha.

Akaandika: Saa nne ya Uganda.

Akahifadhi.

"Funga," alisema.

Alitia simu mfukoni, akajitanda vizuri, akavuka barabara kwenda kwenye gari. Saa moja baadaye Natalina alipotoka, alielekea mlango wa nyuma kama alivyozoea. Asiya alikuwa amekwisha kumfungulia wa mbele.